Siku Bahari Ilipoondoka Bila Kibali

Uligeuza kiti. Usikatae, nilikuona. Kilikuwa kiti cheupe cha mstari wa tatu, kando ya bwawa la kuogelea, na ulipoona askari wanne wakimburuta Bi Mize mchangani, mmoja kashika kanga yake, mwingine kashika ndoo yake kana kwamba nayo itatoroka, ulikinyanyua kile kiti kwa mikono miwili, taratibu, juisi yako isimwagike, ukakigeuza kikatazama ukuta. Pwani nzima iko mbele yako, hoteli imesifiwa dunia nzima kwa mandhari yake, nawe ukachagua kutazama ukuta wa jiko. Tena ukautazama kwa makini, mpaka nikajiuliza kama kuna kitu kimeandikwa pale.

Mimi ndiye niliyekuletea taulo. Hunikumbuki, kwa sababu watu kama wewe hupokea taulo, hawapokei mtu. Lakini mimi nakukumbuka. Nakumbuka mwaka ule mlipoapishwa kwamba njaa ya bara ni uvumi, mkaapa midomo imejaa wali. Nakumbuka mwaka ule saa zote za nchi ziliporudishwa nyuma dakika arobaini kwa sababu Mlezi alichelewa kwenye gwaride, na mpaka leo hakuna aliyezirekebisha, na wewe unafika kazini umechelewa kila siku ukijiona umewahi. Kwa hiyo kaa hapo hapo nikukumbushe na hili. Nikimaliza nitakuomba kitu kimoja. Kidogo tu.

*

Jina la nchi yetu silitaji. Sheria inataka anayelitaja asimame wima, mkono kifuani, nami naandika nimekaa na mkono una kalamu. Itoshe kusema ina bara kubwa na kisiwa kidogo, na kisiwa hicho kinaitwa Mtondooni. Mtawala wetu anaitwa Mlezi wa Taifa. Amelilea Taifa kwa miaka kumi na tisa na halijakua hata inchi moja, jambo ambalo wataalamu wake wanasema ni dalili ya malezi bora, maana mtoto akikua huondoka nyumbani.

Mlezi ni mtu wa milimani. Bahari alikuwa ameiona kwenye noti. Siku moja akatazama televisheni, akamwona mkuu wa nchi fulani ya mbali amevaa mtungi wa hewa mgongoni, anaelea chini ya maji kati ya samaki wa rangi rangi, anapunga mkono. Akamwita Waziri wa Mapumziko na Furaha, Mheshimiwa Kasanzu.

"Hiki alichoingia ni kitu gani?"

"Ni bahari, Mlezi."

"Sisi tunayo?"

"Tunayo, Mlezi."

"Tangu lini? Mbona sikuambiwa?"

Waziri Kasanzu akaomba radhi kwa niaba ya bahari, na kabla mwaka haujaisha pwani ya Mtondooni ilikuwa na hoteli. Nyumba kumi na saba za wenyeji hazikubomolewa, nasisitiza; taarifa rasmi inasema "zilipumzishwa". Hoteli ikaitwa Lulu ya Kina. Ina vyumba vinavyotazama maji, ina bwawa la kuogelea lililochimbwa hatua ishirini kutoka baharini kwa ajili ya wageni wanaoiogopa bahari, na ina chuo cha kuzamia chenye mitungi, miwani ya maji, mapezi ya mpira ya kuvaa miguuni, na bango refu kuliko mnazi: TUZAME SOTE NA MLEZI.

Ikafuata Sheria ya Kuzamia. Ilikuwa fupi, na sheria zetu zikiwa fupi ujue zinauma. Yeyote atakayeingiza katika maji ya chumvi kiungo chochote kilicho chini ya goti, bila cheti cha kuzamia kilichotolewa na hoteli, ametenda kosa. Na yeyote asiye na cheti hicho hana uwezo wa kusema lolote kuhusu bahari mbele ya chombo chochote cha Serikali. Kishike vizuri hicho kifungu cha pili. Tutakirudia.

Sasa, pale Mtondooni wanawake wana kawaida yao. Kila mwaka huchagua kipande cha mwamba, yale mawe ya baharini ambako pweza hujificha, wakakifunga. Huchomeka mti wenye kitambaa chekundu, basi. Kwa miezi minne hakuna anayemgusa pweza wa pale, hata awe na njaa vipi. Hakuna askari, hakuna faini, hakuna waziri. Kitambaa tu. Pweza wakishakua, husubiriwa siku ya bamvua, siku ambayo maji hupwa kuliko siku zote mpaka mwamba mzima unabaki nje, kitambaa kinang'olewa, na wanawake wote wanaingia kwa miguu, kila mmoja na ndoo yake na kijiti chake cha kuchokolea. Siku hiyo moja ndiyo inayoezeka mapaa ya kisiwa kizima.

Mwenye kitambaa, yaani anayesema leo tunafunga na leo tunafungua, ni Bi Mize binti Haji. Mfupi, umri miaka sitini na moja, jino moja la dhahabu, na sauti ya mtu aliyezoea kushindana na upepo. Mwaka ule alikuwa ameshafunga kabla hoteli haijafunguliwa.

*

Mkuu wa Itifaki, Kanali Lupembe, alifika wiki sita kabla ya uzinduzi, akiwa na ratiba iliyojalidiwa kwa ngozi. Aliwakusanya watu kwenye darasa la shule. Nilikuwa nyuma yake nimeshika birika la chai, na macho yangu bado mazuri. Akasoma kwa sauti kipengele baada ya kipengele: bendi, dua, hotuba, vitafunwa. Kipengele cha saba kilisema: Saa nne kamili asubuhi, Mlezi wa Taifa anazama.

Bi Mize akahesabu kwenye vifundo vya vidole. Akanyoosha mkono.

"Baba Kanali, siku hiyo ni mwezi kumi na tano."

"Ni tarehe ishirini na mbili, mama."

"Kwenu. Kwetu ni mwezi kumi na tano, bamvua. Saa nne maji yatakuwa yametoka, yako kule nje ya mwamba. Hapa mbele patakuwa pakavu, kuku wanatembea. Mleteni alasiri, saa kumi. Atapata maji mpaka ayachoke."

Kanali alimtazama kama mtu anavyomtazama mbuzi aliyesoma gazeti kwa sauti.

"Una cheti?"

"Cha nini, mwanangu?"

"Cha bahari."

"Nimezaliwa pale." Akaonyesha dirishani, ilipokuwa nyumba yake, ambapo sasa pana jiko la kuchomea kamba wa wageni.

"Cheti cha kuzaliwa si cheti cha bahari. Wizara ina mtaalamu wa bahari, yuko makao makuu, bara."

"Ameiona?"

"Anayo ramani."

"Ramani haipwi, baba."

Wanawake wakaangua kicheko darasa zima. Mmoja nyuma akadakia, "Mwambieni basi aje na ndoo, tumchotee ya kupelekea kwao!" Kanali hakucheka. Alifungua daftari akaandika, na mimi, birika mkononi, nikasoma: *Mwanamke mmoja ametishia kuondoa maji.*

Halafu akamgeukia Subeti. Huyu Subeti ni mkuu wa wakufunzi wa kuzamia hotelini, na ni mtoto wa kaka yake Bi Mize. Amekulia mgongoni kwa shangazi yake, juu ya huo huo mwamba, na kila daftari aliloandikia shuleni limetoka kwenye pweza.

"Wewe ndiye mzamiaji. Unasemaje?"

Subeti alimtazama shangazi yake. Akaitazama nembo ya hoteli kwenye shati lake. Akatazama chini.

"Ratiba iko sawa, Mheshimiwa."

"Subeti!"

"Shangazi, tutazungumza nyumbani."

"Nyumbani wapi? Si mmepafanya pa kuchomea kamba?"

*

Ndipo mkaja nyinyi, wageni waalikwa mia nne na kumi na wawili, kwa Likizo ya Uzalendo ya siku tatu. Makatibu, wakurugenzi, wahadhiri, mashehe na wachungaji wa kualikwa, waandishi wa habari wasioandika. Kila mmoja alipewa kofia, sandali, na vazi la mpira la kuzamia lililobana kila kitu ambacho miaka ya posho ilikuwa imekilegeza. Mlifundishwa kuzama kwenye bwawa la kuogelea, lenye kina cha kifua. Wewe ulikataa kuingiza kichwa, ukasema una sikio. Mwalimu akaandika kwamba umefaulu. Siku ya pili nyote mkatunukiwa vyeti vya kuzamia vyenye muhuri wa dhahabu, na wewe ukapigwa picha umekishika chako kama mtoto mchanga. Sawa. Kishike vilevile, tutafika.

Wakati huo Usalama walikuwa na shughuli yao. Waliuliza: hii hewa iliyo kwenye mtungi wa Mlezi imetoka wapi? Imepita mikononi mwa nani? Hawakupata jibu la kuridhisha, hivyo akateuliwa Mwonja Hewa, sajini mmoja mnene mwenye kifua kama pipa, ambaye kila asubuhi aliuvuta ule mtungi kwa nusu saa. Akimaliza bila kufa, unagongwa muhuri. Ilipofika siku ya uzinduzi mtungi ulikuwa na mihuri mitano na pumzi ya kuzimia mshumaa.

*

Asubuhi ya siku yenyewe bahari ilikuwepo. Saa moja ilikuwepo, ya buluu, mkaipiga picha. Saa mbili ikaonekana inakwenda. Haikwenda kwa siri. Ilikwenda kama inavyokwenda tangu dunia iumbwe, inaacha mchanga mkavu, kisha majani, kisha mawe. Uliona. Kila mmoja wenu aliona. Ulimwambia mkeo, "Naona kama yanakwenda." Mkeo akakwambia, "Nyamaza, kula yai."

Ukala yai.

Saa nne kamili bendi ikapiga. Mlezi wa Taifa akatoka hotelini ndani ya vazi jeusi la kuzamia lililoshonewa nishani zake zote, utepe wa rangi za Taifa begani, mtungi mgongoni, miwani kwenye paji la uso, na miguuni mapezi makubwa ya rangi ya dhahabu. Mbele yake palikuwa na matope. Matope, mawe, majani, kunguru wawili wanagombania kaa, na mbali kabisa, mbali ya kufinya jicho, mstari mweupe wa mawimbi.

Kanali Lupembe akaitazama pwani. Akaitazama ratiba. Ratiba ilikuwa na sahihi ya Mlezi. Bahari haikuwa na sahihi ya mtu yeyote. Basi ikaeleweka ni nani kati ya hao wawili amekosea.

"Endeleeni," akasema.

Waziri Kasanzu akapanda jukwaani, akapangusa kipara.

"Mlezi wetu mpendwa! Wageni waalikwa! Leo tunaandika historia kwa wino wa chumvi! Katika nchi za wenzetu, bahari huwarukia viongozi wao, huwalowesha, huwavunjia heshima. Ya kwetu, tazameni wenyewe, bahari yenye nidhamu, bahari yenye adabu, imerudi nyuma kumpisha Mlezi apite!"

Mkapiga makofi. Ya kwako niliyasikia, una pete.

Subeti akamnong'oneza Mlezi kwamba ukiwa na mapezi miguuni huwezi kwenda mbele, utajikwaa, unatembea kinyumenyume. Mlezi akaanza kwenda kinyumenyume. Lakini itifaki yetu hairuhusu mtu kuelekea upande ambao Mlezi hauelekei, kwa hiyo Baraza zima la Mawaziri likageuka, bendi ikageuka, tarumbeta zikageuka, na Serikali yote ya nchi yetu ikaanza kurudi nyuma kuelekea baharini huku ikiwapungia mkono mliokaa. Zulia jekundu liliisha baada ya hatua sitini. Wakaingia matopeni. Waziri Kasanzu akakanyaga yule kiumbe mweusi wa mawe mwenye miiba kama sindano za kushonea magunia, akatabasamu huku machozi yanamtoka, na mtangazaji wa redio akawaeleza wananchi kwamba Waziri analia kwa uzalendo.

"Mlezi sasa yuko kina cha mita kumi," mtangazaji akaendelea. Matope yalikuwa kwenye vifundo. "Mita ishirini! Anakutana na papa! Papa anainamisha kichwa!" Alikuwa yule kaa wa kunguru, aliyebaki na mguu mmoja.

Hatimaye walinzi wakapata kidimbwi katikati ya mawe, ukubwa wa beseni la kufulia mapazia. Kanali akakisoma kipengele cha saba kwa sauti. Mlezi wa Taifa akashusha miwani, akaweka mpira wa hewa mdomoni, akalala kifudifudi. Tumbo likapata maji. Mgongo ulibaki mkavu, mtungi juu, kama kobe aliyeanguka kutoka kwenye gari. Wapiga picha wakapiga magoti kumzunguka, nami nyuma yao nimeshika taulo lake. Kule hotelini mia nne na kumi na wawili mkasimama, mkashangilia.

*

Sasa, ile ilikuwa siku ya wanawake kufungua mwamba. Bamvua haingoji uzinduzi. Walikuja arobaini, kanga zimefungwa viunoni, ndoo vichwani, wanaongea kwa sauti kama wanavyoongea kila mwaka. Walinzi hawakuwazuia kwa sababu walidhani ni ngoma ya kipengele cha nane. Bi Mize alikwenda moja kwa moja kwenye kitambaa chake chekundu, kilichokuwa hatua tatu kutoka kichwa cha Mlezi, na ambacho Kanali alikuwa amekipigia saluti asubuhi nzima akidhani ni bendera. Akaking'oa. Akachuchumaa, akachungulia shimo, akatikisa kichwa.

"Hodi, baba."

Mlezi akanyanyua uso, miwani imejaa ukungu.

"Samahani. Umelalia mlango wa pweza. Sogea kidogo."

Na Mlezi wa Taifa, ambaye kwa miaka kumi na tisa hakuwahi kusogea, si kwa kura, si kwa mahakama, si kwa daktari aliyemwambia apumzike, akasogea. Bi Mize akachokoa mara moja, mara mbili, akatoa pweza mkubwa wa miezi minne anayejizungusha mkononi mpaka kwenye kiwiko. Mlezi akautoa mpira mdomoni. Alikuwa anahema, hewa yake ilikuwa imeshaonjwa yote.

"Mama. Maji yako wapi?"

"Yametoka, baba."

"Yametoka? Nani kayaruhusu?"

"Hayaombi ruhusa. Yatarudi saa kumi. Mwambie mwenyeji wako akutafutie kivuli, utaungua mgongo huo."

Alilisema kwa wema, kama anavyomwambia mtu mzima yeyote aliyelala juani. Nimefikiri sana juu ya jambo hili, na naamini hilo ndilo lilikuwa kosa lake hasa. Nafikiri ni mtu wa kwanza kwa miaka kumi na tisa kumwambia yule bwana kitu cha kweli, na uso wa Mlezi, nakuapia, kwa kitambo kidogo ulikuwa uso wa mtu anayetaka kuuliza swali la pili.

Hakuliuliza. Kanali alikuwa amekwisha kufika mbio, ratiba mkononi, akipiga kelele, na pweza, kwa kuwa hana itifaki, akamtemea wino. Wino ukaenea juu ya jalada la ngozi, juu ya sahihi, juu ya kipengele cha saba.

Ndipo wakamkamata, wakamburuta mpaka mchangani, nami nikifuata na taulo. Ndipo ukageuza kiti.

*

Saa tano redio ikatangaza kwamba bahari ya Taifa imetoroshwa na watu wachache wasioitakia mema nchi yetu. Saa sita ikatangazwa Operesheni Rejesha Maji, na kikosi kizima kikapangwa mchangani, bunduki zimeelekezwa kwenye upeo. Saa saba mstari mweupe ukaonekana unasogea. Saa kumi, kama alivyosema mwanamke mmoja asiye na cheti, maji yaligonga ukuta wa hoteli, yakachukua zulia, jukwaa na ngoma kubwa ya bendi, na kamanda, aliyelowa mpaka mkanda, akasoma taarifa: "Bahari imejisalimisha bila umwagaji damu."

Jioni, pamoja na keki, mlipewa karatasi. Inaitwa Tamko la Kutojua. Nalikumbuka neno kwa neno, maana nilizigawa mimi: *Natamka kwamba sijawahi kuona, kusikia wala kuhisi bahari ikiondoka na kurudi, na kwamba iwapo iliondoka, iliondoka kwa hila za Mize binti Haji.* Uliazima kalamu yangu. Wewe! Wewe uliyezaliwa Bandari Ndogo, uliyejifunza kutembea kwenye matope ya maji kupwa, uliyekuwa ukitumwa na mama yako kuokota kome kabla maji hayajarudi! Ulisaini, ukaongeza mkia wa mapambo chini ya jina. Kalamu hukunirudishia.

*

Kesi ilisomwa wiki mbili baadaye, mwezi mwandamo, bamvua nyingine. Mashtaka mawili. La kwanza, kuwa na taarifa za bahari kabla ya Serikali. La pili, kuharibu waraka wa Taifa kwa kutumia mnyama. Adhabu yake miaka kumi na minne. Piga hesabu ya sitini na moja na kumi na minne. Akifungwa, huo mwamba Bi Mize hatauona tena. Wenzake nao hawauoni. Kitambaa kimeondolewa, limewekwa bango, na pweza wa miezi minne wanaliwa hotelini na limau.

Mahakama ya Mtondooni ina dirisha kubwa linalotazama pwani. Siku hiyo lilikuwa na pazia zito la kijani, jipya, limevutwa kwa amri.

Mwendesha mashtaka alichelewa saa nzima. Boti yake ilikwama matopeni mbali na gati, akalazimika kushuka na kutembea, akaingia mahakamani viatu mkononi, suruali imekunjwa mpaka magotini. Akaeleza kuwa amechelewa kwa sababu za kiufundi. Kisha, miguu yake ikichuruzika tope sakafuni, akathibitisha kwamba bahari haiondoki.

"Mheshimiwa Hakimu, mshtakiwa alijua siku. Alijua saa ya kuondoka, alijua saa ya kurudi. Alijua wiki sita kabla! Kujua kabla ya Serikali ni nini, kama si njama?"

Shahidi wake wa kwanza alikuwa Subeti.

"Katika miaka yako sita ya kuzamia, umewahi kuona bahari ikiondoka?"

Subeti aliitazama miguu yake yenye tope. Bi Mize alimtazama kutoka kizimbani, hakumkunjia uso. Alimwambia tu, kwa sauti ya chini, "Futa miguu, mwanangu, utapata baridi." Subeti naye alikuwa ameletwa na boti ile ile, akatembea matopeni.

"Sijawahi," akasema Subeti.

Wanawake arobaini walikuwa nje wanataka kutoa ushahidi. Wakaulizwa vyeti. Wakarudishwa.

Hapo Bi Mize akainua mkono, vilevile kama siku ile darasani.

"Mheshimiwa Hakimu, mimi sina maneno. Nina ombi moja. Fungua pazia."

Hakimu Mbaruku aliweka kalamu chini. Ni mtu mzima, ni mtu wa pwani, na niliona jicho lake likienda dirishani na kurudi, likienda na kurudi. Akasema, polepole, kwamba Mahakama haiwezi kutazama nje kwa ombi la mshtakiwa. Kwa sheria iliyopo, pazia linaweza kufunguliwa kwa ombi la shahidi mwenye uwezo wa kuzungumzia bahari, yaani mwenye cheti cha kuzamia. Mmoja anatosha. Akatazama benchi la mashahidi.

"Yupo?"

Benchi lilikuwa tupu. Akauliza mara ya pili. Sijawahi kumsikia hakimu akiuliza kitu kwa sauti ile, sauti ya mtu anayeomba. Kisha akaahirisha kesi hadi Alhamisi ya wiki mbili mbele, saa nne asubuhi, kwa hukumu. Alichagua siku mwenyewe, akihesabu kwa vidole chini ya meza. Mwezi kumi na tano.

*

Sasa umeelewa kwa nini nakuandikia wewe, badala ya kumwandikia mtu mwenye heshima. Mwenye heshima hana cheti. Katika nchi nzima hii wanaoruhusiwa kusema kwamba maji hupwa ni watu mia nne na kumi na wawili walioogopa kuingiza kichwa kwenye bwawa, na wewe ni mmoja wao. Subeti ameshasema lake. Cheti chako kiko sebuleni, juu ya televisheni, kwenye fremu. Nyanyua macho. Kipo.

Usiniambie habari za watoto. Bi Mize ana watoto. Usiniambie ulisaini, kilichosainiwa kinafutwa kwa mdomo ule ule uliokula keki. Usiniambie wapo wengine mia nne na kumi na mmoja. Nimewaandikia wote ombi hili hili, na kila mmoja wao sasa hivi anakufikiria wewe.

Leo ni Jumatano. Boti ya kwanza ya kesho inaondoka alfajiri, maji yakiwa yamejaa. Usingoje ya pili, itakwama, unajua itakwama, hilo ndilo jambo lenyewe. Na saa zetu ziko nyuma dakika arobaini, kwa hiyo usiamini ya ukutani.

Ondoka kwenye kiti. Toa hicho cheti kwenye fremu. Kioo kikivunjika, kivunjike. Ingia mahakamani, kaa kwenye benchi lile tupu, na Hakimu Mbaruku akiuliza kama yupo shahidi, simama useme:

"Nipo. Fungueni pazia."